Bima Unayo, Je, Inakukinga Unapobeba Abiria?



Katika masomo yetu kwa vikundi vya kuweka na kukopa tumekuwa tukisisitiza kutunza mahesabu, kurejesha mkopo kwa wakati na kusoma mkataba kabla ya kuweka sahihi. Safari hii tumeona tuseme juu ya bima ya vyombo vya moto. Vijana wengi katika vikundi vyetu sasa wanajipatia riziki kwa kubeba abiria, ama kwa bodaboda, ama kwa bajaji, ama kwa gari dogo linaloitwa kwa simu. Somo hili ni kwa ajili yao, na pia kwa wazazi, wadhamini na viongozi wa vikundi wanaowakopesha.

Tukio lililotufundisha

Kijana mmoja, mwanachama wa kikundi kimojawapo katika eneo letu, alikopa fedha akanunua gari dogo la mtumba. Alidhaminiwa na wanachama wenzake wanne. Masharti ya mkopo yalitaka gari liwe na bima kubwa. Kijana alikata bima hiyo, akatuletea nakala ya hati, nasi tukaiweka kwenye faili.

Baada ya miezi michache alijisajili kwenye programu ya simu inayowaunganisha abiria na madereva. Kazi ilikwenda vizuri na marejesho yalikuja kila mwezi. Usiku mmoja wa mvua, akiwa amembeba mama mmoja na mizigo yake, aligongana na pikapu kwenye njia panda. Mama yule alivunjika mguu na gari likaharibika vibaya upande wa mbele.

Kijana alipopeleka madai, mtathmini wa kampuni ya bima alimwuliza swali moja tu la maana: "Huyu mama ni nani wako?" Kijana akasema kweli, kwamba ni abiria aliyemwita kwa simu. Baada ya majuma machache alipata barua. Bima ilikatwa kwa matumizi binafsi, ilisema barua, na wakati wa ajali gari lilikuwa likifanya biashara ya kubeba abiria. Kwa hiyo madai yamekataliwa.

Tulikasirika, tukaongozana naye mpaka ofisi ya kampuni hiyo. Ofisa aliyetupokea hakubishana nasi. Alitoa fomu ya maombi, akatuonyesha mstari ulioandikwa "Matumizi ya chombo". Mbele yake palikuwa na neno moja, "Binafsi", na chini ya ukurasa palikuwa na sahihi ya kijana wetu. Tuliporudi ofisini tulifungua faili letu. Neno lilelile lilikuwa pale kwenye nakala ya hati. Lilikaa kabatini mwetu miezi yote hiyo na hakuna hata mmoja wetu aliyelisoma.

Wakala aliyejaza fomu hakuuliza gari litafanya kazi gani. Kijana hakueleza. Nasi tuliridhika kuona karatasi, tusitazame imeandikwa nini. Deni halikusubiri. Wadhamini wanne, mmoja wao mama anayeuza mboga sokoni, walianza kulipa marejesho ya gari ambalo halitembei. Familia ya yule abiria nayo ilichangishana kwa ajili ya matibabu. Tunayaandika haya tukikiri kwamba sehemu ya kosa lilikuwa letu, na tusingependa kikundi kingine kipite njia hiyo.

Bima ndogo na bima kubwa

Tuanze na mambo ya msingi. Hapa Tanzania, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza kutumia chombo cha moto barabarani bila bima dhidi ya mtu wa tatu. Hii ndiyo watu wanayoiita bima ndogo. Kazi yake ni kumlipa mtu mwingine aliyeumizwa au kuuawa na chombo chako; hati nyingi zinazouzwa hulipa pia mali ya mtu huyo iliyoharibiwa. Bima ndogo hailipi chombo chako mwenyewe. Wala haimlipi dereva aliyekosa, kwa kuwa yeye si mtu wa tatu.

Bima kubwa inaongeza chombo chako mwenyewe, yaani ajali, moto na wizi, kwa masharti yaliyoandikwa. Gharama yake ni kubwa zaidi na hupimwa kwa thamani ya chombo.

Wengi hudhani kwamba mwenye bima kubwa amekingwa na kila jambo. Sivyo. Ukubwa wa bima ni kitu kimoja, na matumizi yaliyoandikwa ni kitu kingine. Bima kubwa ya matumizi binafsi inaweza isilipe hata senti moja ukipata ajali ukiwa na abiria wa kulipa, wakati jirani yako mwenye bima ndogo ya biashara abiria wake akalipwa.

Kwa nini kampuni inatofautisha?

Wapo wanaosema kwamba makampuni ya bima yanatafuta tu sababu ya kutolipa. Tusiwe wepesi wa kulaumu kabla ya kuelewa. Bima ni mfuko wa wengi. Kila mmoja huchangia kwa kadiri ya hatari anayoileta. Gari la mwalimu linalokwenda shuleni asubuhi na kurudi jioni liko barabarani labda saa mbili kwa siku. Gari la kubeba abiria liko barabarani saa kumi au kumi na mbili, mara nyingi usiku, kwenye mitaa ambayo dereva haifahamu, na ndani mna watu wasio wa nyumbani kwake. Ni hatari mbili tofauti, na mchango wake hauwezi kulingana.

Ndiyo maana hata vibao vya namba vinatofautishwa hapa nchini: gari binafsi lina kibao cha njano, na gari la biashara lina kibao cheupe. Anayebeba abiria kwa malipo huku gari lake lina kibao cha njano, bima ya binafsi na leseni ya daraja D, ana matatizo matatu kwa pamoja. Kubeba abiria kwa malipo ndani ya gari kunahitaji leseni ya daraja C, kwa kadiri ya idadi ya abiria, na leseni ya usafirishaji kutoka LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Siku ya ajali, kila kimoja cha hivyo kinaweza kuwa sababu ya madai kukataliwa.

Mapengo sita ya kuangalia

*1. Pengo la matumizi.* Hili ndilo lililompata kijana wetu. Soma hati yako ya bima mahali palipoandikwa matumizi. Kama unabeba abiria kwa malipo, hata kama ni jioni tu baada ya kazi au siku za mwisho wa juma tu, matumizi yako si binafsi. Kubeba "kidogo kidogo" hakubadilishi jambo.

*2. Pengo la abiria.* Usidhani kwamba kila aliyemo ndani ya chombo ni mtu wa tatu aliyekingwa. Kwa chombo cha biashara, abiria huingizwa katika bima kwa idadi ya viti, na malipo huhesabiwa hivyo. Chombo kilichokatiwa abiria watatu kikibeba watano, ugomvi umeshaanza kabla ya ajali. Ndugu zetu wa bodaboda wanaobeba "mishikaki", yaani abiria wawili au watatu kwa pikipiki moja, walifikirie hili.

*3. Pengo la dereva mwenyewe.* Dereva wa bodaboda akianguka peke yake akavunjika bega, bima ndogo haina habari naye. Atauguza bega bila kipato, na pengine pikipiki nayo imeharibika. Ipo bima nyingine inayoitwa bima ya ajali binafsi, ambayo hulipa dereva akiumia, akipata ulemavu au akifariki. Mara nyingine huweza kuongezwa kwenye bima ya chombo. Uliza. Usisubiri wakala akukumbushe.

*4. Pengo la deiwaka.* Mwenye chombo amechoka au amefiwa, anampa rafiki yake afanye kazi siku mbili. Je, bima inamtambua rafiki huyo? Ana leseni ya daraja linalotakiwa? Leseni yake haijaisha muda? Hati nyingi husema wazi kwamba dereva lazima awe na leseni halali kwa chombo hicho. Ukimwachia asiye nayo, umeiacha bima nyumbani.

*5. Pengo la jina.* Vijana wengi wanaendesha pikipiki au bajaji za mkataba: wanapeleka hesabu kila siku mpaka deni liishe na chombo kiwe chao. Katika muda huo kadi ina jina la tajiri, na bima nayo ina jina la tajiri. Chombo kikiungua au kikiibwa, fidia italipwa kwa nani? Kijana aliyekwisha kulipa miezi tisa kati ya kumi na miwili atapata nini? Jambo hili liandikwe katika mkataba siku ya kwanza. Aidha, aliyenunua chombo akakaa mwaka mzima bila kubadilisha kadi, bima bado ikiwa kwa jina la mwenye zamani, anajitafutia usumbufu.

*6. Pengo la programu.* Tangu Uber ilipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, na wengine kufuata, madereva wengi huamini kwamba kampuni yenye programu ndiyo itakayobeba ajali. Baadhi ya makampuni huweka kinga fulani kwa ajili ya safari, lakini kinga hiyo ina mwanzo na mwisho wake. Inaanza ukiwasha simu, au ukikubali wito, au abiria akiingia? Inamlipa abiria tu, au na dereva pia? Inalipa gari? Majibu yamo katika masharti uliyoyakubali kwa kubonyeza kitufe bila kusoma.

Kuna mtindo pia wa kumwomba abiria afute safari kwenye simu ili alipe fedha taslimu na dereva asikatwe kamisheni. Tunaelewa kwamba kamisheni inauma. Lakini ukiifuta safari, kwa hesabu za kampuni safari hiyo haipo. Kama palikuwa na kinga iliyofungamana nayo, nayo imefutika. Umeokoa shilingi elfu moja au mbili, na umembeba mtu ambaye pengine hana kinga yoyote.

Wenzetu Marekani walijifunza kwa uchungu

Pengo hili la programu halikuanzia kwetu. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 2013, katika mji wa San Francisco, dereva aliyefanya kazi kwa kutumia programu ya Uber aligonga familia iliyokuwa ikivuka barabara. Mtoto wa miaka sita alifariki dunia. Dereva hakuwa na abiria. Alikuwa akisubiri wito. Kampuni ilisema kwamba hakuwa katika safari. Na bima ya gari binafsi, kwa desturi yake, haimkingi anayefanya biashara. Basi nani alipe? Hapo ndipo watu wengi walipotambua kwamba kati ya bima ya binafsi na ya kampuni palikuwa na shimo.

Mwaka 2014 jimbo la California lilitunga sheria, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2015. Sheria hiyo iliigawa kazi ya dereva katika hatua. Hatua ya kwanza ni pale anapowasha programu na kusubiri wito. Hapo ilitakiwa bima ya kumlipa mwingine aliyeumia isiyopungua dola 50,000 kwa mtu mmoja na dola 100,000 kwa ajali moja, pamoja na dola 30,000 kwa mali. Hatua ya pili ni anapokubali wito na kumfuata abiria, na ya tatu ni abiria akiwa ndani. Kwa hatua hizo mbili ilitakiwa dola 1,000,000. Majimbo mengine nayo yalitunga sheria za namna hiyo.

Hata hivyo shimo halikuzibwa lote. Katika hatua ya kusubiri, gari la dereva mwenyewe kwa kawaida halimo katika kinga ya kampuni, na bima yake ya binafsi inaweza kukataa. Ndiyo sababu makampuni ya bima ya huko huuza nyongeza maalumu kwa madereva wa programu. Tunalitaja hili kwa sababu wapo ndugu zetu wenye kuzungumza Kiswahili waliohamia huko, kutoka Kongo, Kenya, Burundi na hata hapa kwetu, wanaofanya kazi hiyo. Ukiwa na ndugu huko, mwulize: "Bima yako inajua kwamba unabeba abiria?"

Sisi tunaweza kuchukua mafunzo kutoka kwa hatua hizo tatu. Kila dereva ajiulize maswali matatu: Nani atalipa nikipata ajali nikiwa nasubiri? Nani atalipa nikiwa namfuata abiria? Nani atalipa abiria akiwa ndani?

"Lakini bima ya biashara ni ghali"

Hili ndilo jibu tunalolipata kila tunapofundisha. Ni kweli bima ya biashara huzidi ya binafsi. Tupige hesabu kwa mfano. Tuseme tofauti kati ya bima mbili ni shilingi 360,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa miezi 12, ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Ukigawa tena kwa siku 30, ni shilingi 1,000 kwa siku. Ni chai na maandazi. Dereva anayeweka 1,000 kila jioni kabla ya kugusa fedha nyingine hatashtuka bima inapoisha.

Ugumu uko katika kulipa kwa mkupuo. Hapo ndipo kikundi kinapokuwa na faida. Baadhi ya vikundi vyetu vimeanzisha daftari la pili, la akiba ya bima tu, ambalo halikopeshwi. Kila mwanachama mwenye chombo huweka kila juma, na siku ya kukata bima mweka hazina hulipa moja kwa moja kwa kampuni na kuchukua risiti.

Jambo jingine ni kusema uongo kwenye fomu ili kupunguza malipo. Anayefanya hivyo analipa fedha kidogo kwa kitu ambacho hakitamfaa siku ya shida. Ni afadhali bima ndogo ya kweli kuliko bima kubwa ya uongo. Tena kuna mazingira ambayo kampuni inaweza kulazimika kisheria kumlipa aliyeumia, kisha ikamgeukia mwenye chombo na kumdai fedha hizo. Nyumba au shamba la mzazi linaweza kuingia hatarini.

Mambo ya kufanya

Kabla ya kukata bima:
- Mweleze wakala kwa kinywa chako kazi ya chombo, kisha uhakikishe imeandikwa kwenye fomu. Usisaini fomu yenye nafasi tupu.
- Taja idadi ya abiria na watu watakaoendesha.
- Omba hati kamili, si risiti tu, na usome sehemu ya mambo yasiyolipwa. Kama lugha ni ngumu, ilete kwenye kikundi msome pamoja.

Baada ya kukata:
- Hakiki bima kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), uitwao TIRA MIS. Stika bandia zimewaliza wengi.
- Ukibadilisha kazi ya chombo katikati ya mwaka, toa taarifa kwa maandishi na ulipe nyongeza siku hiyo, si baada ya ajali.

Ikitokea ajali:
- Wahudumie walioumia kwanza. Polisi watoe PF3 kwa ajili ya matibabu.
- Toa taarifa kwa kampuni ya bima mapema, na usikubali kosa wala kuahidi fedha kabla ya kuwasiliana nayo.
- Sema kweli. Tunza nakala ya taarifa ya polisi, picha na risiti za hospitali.
- Ukiona umeonewa, lalamika kwa maandishi kwenye kampuni. Usiporidhika, peleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Usikate tamaa kwa barua moja ya kukataliwa, hasa kama ulieleza kazi yako tangu mwanzo na una ushahidi.

Tulichobadilisha sisi

Tangu tukio lile, fomu yetu ya mkopo wa chombo cha moto ina mstari mpya: "Matumizi yaliyoandikwa kwenye hati ya bima ni yapi?" Ofisa anayejaza lazima anakili neno lenyewe kutoka kwenye hati na kuweka sahihi yake. Fedha hazitoki mpaka neno hilo lilingane na kazi ambayo mwombaji ameieleza. Vilevile tunawaita wadhamini waione hati kabla ya kusaini, kwa sababu wao ndio watakaolipa.

Kijana wetu sasa anaendesha bajaji ya mtu kwa hesabu, na deni lake linapungua polepole. Tunapokwenda kufundisha vikundi vingine huomba kufuatana nasi. Hutoa ile barua mfukoni, akaisoma, kisha huwaambia wenzake waende nyumbani wakatazame hati zao. Katika kikao kimoja madereva watatu walirudi siku ya pili wakiwa na hati mikononi. Zote tatu zilikuwa zimeandikwa "Binafsi". Juma lile lile walikwenda kuzibadilisha.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni wanachama wangapi wa kikundi chetu wana chombo kinachobeba abiria? Hati ya kila mmoja imeandikwa matumizi gani?
2. Kama mwanachama mwenzetu atapata ajali leo usiku, nani atamlipa abiria? Nani atalipa mkopo?
3. Katika mikataba ya pikipiki na bajaji, nani analipia bima, na fidia ikitoka itagawanywaje?
4. Je, tunaweza kuanzisha akiba ya bima? Kila mmoja aweke kiasi gani kwa juma, na nani atatunza daftari?

Tunawaomba viongozi wa vikundi wafanye zoezi la swali la kwanza kabla ya toleo lijalo, na watuletee majibu ofisini. Waje na hati zenyewe, tusome pamoja.